Kutoka kuhesabu miche hadi kuamua pasipopandwa: kisa cha msimamizi wa kitalu na mafunzo ya urejeshaji wa misitu ya kitropiki

Kisa hiki kinahusu mtu mmoja na kimeandikwa kwa ridhaa yake. Majina ya nchi, shirika, mfadhili na chuo alichosoma yameondolewa. Mhusika tutamwita Bi R. Nimekichagua kwa sababu wengi wanaofanya kazi za misitu huuliza kama kozi fulani "inalipa", na jibu la swali hilo mara nyingi haliko kwenye kozi yenyewe.

## Usuli

Bi R. alikuwa msimamizi wa kitalu katika shirika la uhifadhi linalotunza ukanda wa ardhi kati ya vipande viwili vya msitu wa mvua. Ukanda huo ulikatwa miti zamani, ukalimwa, ukachoka, ukaachwa. Sehemu kubwa ilimezwa na nyasi za Imperata cylindrica, zile zenye mizizi inayotambaa chini ya ardhi na kuchipua upya kila zinapofyekwa au kuungua. Lengo la shirika lilikuwa kuurudisha msitu ili wanyama wapite tena kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Alikuwa na stashahada ya misitu na uzoefu wa miaka kadhaa. Alikusanya mbegu, akasimamia vibarua wa kujaza viriba (mifuko ya kuoteshea miche), akaotesha, akatoa miche mvua zikianza, kisha akaandika idadi kwenye ripoti. Idadi hiyo ndiyo iliyokwenda kwa mfadhili, kwa kuwa mkataba ulipimwa kwa miche iliyopandwa. Mingapi ilikuwa hai mwaka uliofuata, hakuna aliyelazimika kusema.

Nafasi ya mratibu wa urejeshaji ilitangazwa mara mbili, na mara zote mbili ilichukuliwa na mtu wa nje mwenye shahada ya uzamili. Bi R. aliambiwa hana uzoefu wa kupanga. Maelezo hayo yalimuuma, lakini hayakuwa ya uongo. Spishi za kuotesha aliletewa kwenye orodha, na mahali pa kupanda alionyeshwa kwenye ramani. Alikuwa fundi wa hatua ya mwisho ya maamuzi yaliyofanywa na wengine, na wasifu wake wa kazi ulisomeka hivyohivyo: ameotesha kiasi fulani, amepanda kiasi fulani.

Nje ya shirika lake, hali ilikuwa inabadilika. Mwaka 2011 ulizinduliwa Bonn Challenge, mpango wa kimataifa wa kurejesha misitu na ardhi iliyoharibika, ukiwa na shabaha ya hekta milioni 150 kufikia 2020, na baadaye hekta milioni 350 kufikia 2030. Mwaka 2015 nchi za Afrika zikaanzisha mpango wao wa aina hiyo, AFR100, wenye shabaha ya hekta milioni 100. Umoja wa Mataifa nao ukautangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa urejeshaji wa ikolojia. Ahadi kubwa kiasi hicho hufuatwa na fedha, na fedha hufuatwa na wakaguzi. Matangazo ya kazi aliyokuwa akiyasoma yalianza kutaka watu wanaoweza kutathmini eneo, kuchagua njia inayolifaa, na kupima kinachoendelea baada ya siku ya kupanda. Stadi hizo hakuwa nazo, au kwa usahihi zaidi, hakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba anazo.

## Uamuzi wa kwanza: asome nini

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya kukaa chuoni, ambayo ingemlazimu kuacha kazi. Ya pili ni kozi fupi ya nyanjani, ya aina ambayo Tropical Biology Association imeendesha kwa miaka mingi Afrika Mashariki na Madagaska. Ya tatu ni kozi ya cheti kwa njia ya mtandao, inayochukua karibu mwaka mzima na kumtaka mwanafunzi afanye mradi mahali pake pa kazi. Mfano unaojulikana wa kozi za aina hii ni ile ya misitu ya kitropiki inayotolewa na ELTI, kitengo cha mafunzo ya uongozi wa mazingira cha Chuo Kikuu cha Yale.

Alichagua ya tatu, na sababu zake zilikuwa nzito. Hakutaka kukosa mshahara. Hakutaka pia kutoka kitaluni, kwa maana pale ndipo yalipokuwa maswali aliyotaka kujibiwa. Zaidi ya yote, alishawahi kuona wenzake wakirudi kutoka kozi fupi na picha nzuri na daftari lililojaa, kisha wiki ya pili wako palepale walipokuwa.

Alipata ufadhili wa sehemu ya ada. Shirika lilikataa kuchangia fedha, lakini likakubali asome nusu siku kila wiki ndani ya saa za kazi. Makubaliano hayo yalikuwa ya mdomo. Hayakusema lolote kuhusu kitakachofuata akihitimu: cheo, majukumu, wala muda wa kulitumikia shirika. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo lililomgharimu zaidi.

## Mradi wa mafunzo

Andiko lake la kwanza lilitaka kupanga urejeshaji wa ukanda mzima. Mkufunzi alilirudisha na swali moja: kitu gani kwenye ukanda huo hukijui, na ungekijua ungebadilisha kazi yako ya msimu ujao? Bi R. alikaa na swali hilo siku kadhaa. Jibu lake lilikuwa kwamba hajui kwa nini miche hufa nyasini, na hajui kama kila mahali panapopandwa panahitaji kupandwa.

Akatumia njia ya tathmini ya haraka iliyoendelezwa na FORRU, kitengo cha utafiti wa urejeshaji wa misitu cha Chuo Kikuu cha Chiang Mai, Thailand, kilichoanzishwa mwaka 1994. Inahitaji kamba, kijiti cha kusimika, na uvumilivu. Unasimika kijiti, unafunga kamba ya mita 5, unazunguka. Ndani ya duara hilo unahesabu miti michanga yote ya asili iliyozidi sentimita 50, visiki vilivyo hai, na miti mikubwa inayotoa mbegu. Duara likiwa na zaidi ya 25, ni sawa na miti kama 3,100 kwa hekta, na hicho ni kiasi kinachotosha majani ya juu kufungana na kuua nyasi kwa kivuli. Hapo kupanda si lazima kwa ajili ya idadi. Kazi ni kuilinda na kuisaidia iliyopo. Ikipungua, unapanda kufidia pengo. Spishi nazo huhesabiwa, kwa kuwa duara lililojaa spishi mbili tu halijawa msitu.

Siku ya kwanza alikwenda na vibarua wawili waliokuwa wamefyeka eneo hilo kwa misimu mingi. Kwa mbali palikuwa nyasi tupu, za kufika kifuani. Walipopiga magoti na kuzitenganisha kwa mikono, miti ilianza kuonekana: mche wa kimo cha goti wenye jani moja lililotafunwa, kisiki cha unene wa kidole gumba kikiwa na machipukizi manne, kingine pembeni, na kingine. Mmoja wa vibarua alikishika kisiki, akageuza mahali palipokatwa, akasema mkato ule ni wa panga lake.

Hilo ndilo lililokuwa likitokea miaka yote. Kabla ya kupanda, eneo lilifyekwa lote "lisafishike". Miti ya asili iliyojiotea, ambayo mizizi yake ilikwishashika ardhi, ilikatwa pamoja na nyasi. Kisha mche uliotoka kwenye kiriba, wenye mizizi ya kukaa kivulini na kumwagiliwa kila asubuhi, ulipandwa mita moja kutoka pale na kuachiwa jua. Shirika lilikuwa linalipa mara mbili: kuua msitu uliokuwa unajirudia wenyewe, na kupanda mwingine dhaifu zaidi mahali pake.

Hesabu ilikuwa na sura ya kueleweka. Karibu na msitu uliobaki, maduara mengi yalivuka 25. Kadiri alivyosogea mbali, idadi ilishuka, na spishi zenye mbegu kubwa zilipotea kabisa. Hili nalo lina sababu. Mbegu kubwa husafirishwa na wanyama wakubwa kiasi, kama hondohondo na nyani, nao hawapendi kuvuka nyasi tupu. Popo na ndege wadogo hubeba mbegu ndogo, na hata wao wanahitaji mahali pa kutua.

Kwa hiyo mpango aliouandika uliugawa ukanda kwa kiasi cha uoto uliopo, badala ya kuangalia barabara iko wapi, kama ilivyokuwa awali. Karibu na msitu: usipande, weka kijiti chenye rangi kando ya kila mti mchanga ili panga lisiuguse, palilia mduara kuuzunguka, na nyasi za katikati zilazwe kwa ubao badala ya kufyekwa, kwa kuwa Imperata iliyolazwa huchelewa kuchipua. Sehemu za kati: visiwa vya miti, yaani vikundi vya miti vilivyotengana, badala ya mistari, kwa mfano wa majaribio yaliyoanza Kosta Rika mwaka 2004, ambapo visiwa vilileta matokeo yanayokaribia ya upandaji wa eneo zima kwa miche michache zaidi. Mbali kabisa: panda eneo lote, kwa kutumia spishi za asili zinazokua haraka, zenye majani mapana ya kufunika nyasi na matunda ya kuwavuta wanyama. Njia hii ya mwisho ilianzia Queensland, Australia, na FORRU ikaikuza.

## Uamuzi wa pili: namna ya kuusema ukweli huo

Aliwasilisha matokeo kwenye mkutano wa kila mwezi wa wafanyakazi, mbele ya wote, akiwa na picha za visiki vyenye mikato. Sayansi ilikuwa sahihi. Mahali na namna vilimponza. Meneja wa mradi aliona anashitakiwa hadharani. Mhasibu akauliza shabaha ya miche kwenye mkataba itafikiwaje kama sehemu kubwa haitapandwa. Swali la haki kabisa, na Bi R. hakuwa amejiandaa nalo. Ripoti yake iliwekwa kabatini.

Alikatishwa tamaa, akafikiria kuondoka. Mkufunzi wake alimshauri apunguze ombi mpaka lisiwe na mtu wa kulikataa. Akarudi kwa meneja, safari hii wawili tu ofisini, akaomba kipande kidogo karibu na msitu. Nusu ingepandwa kama kawaida, nusu ingesaidiwa ijirudie yenyewe, na miche iliyotolewa nusu hiyo ingehamishiwa mbali ili shabaha ya mkataba isiguswe. Gharama ilikuwa vijiti, rangi na siku chache za vibarua. Meneja akakubali.

Kila mche na kila mti wa asili ulipewa namba, ukapimwa kimo na unene wa shina chini, ukarudiwa kupimwa mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi. Kazi ya kuchosha. Wenzake waliicheka kidogo.

## Matokeo

Baada ya msimu wa pili wa mvua, mfadhili alileta mtathmini huru. Swali lake la kwanza lilikuwa miche mingapi iko hai, wapi, na imekua kiasi gani. Katika shirika zima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu lenye namba, tarehe na ramani. Nusu iliyosaidiwa ilikuwa na miti mirefu zaidi na spishi nyingi zaidi kuliko nusu iliyopandwa. Mtathmini alitumia siku iliyobaki kitaluni, na ripoti yake ikapendekeza mkataba mpya upimwe kwa uhai na uoto badala ya idadi ya miche.

Kwa cheo chake, mambo hayakwenda haraka hivyo. Shirika lilimkabidhi kazi ya ufuatiliaji wa ukanda wote bila kumbadilishia cheo wala mshahara. Alifanya kazi mbili kwa malipo ya moja mpaka alipoomba nafasi kwenye shirika jingine na kuitwa usaili. Huko, cheti hakikuulizwa zaidi ya kutazamwa. Waliomhoji walitumia muda wote kwenye mpango wake wa ukanda: kwa nini visiwa pale, kwa nini usipande hapa, ungefanya nini idadi ingekuwa 15? Alipewa kazi. Mwajiri wake aliposikia, alimpandisha kuwa mratibu wa urejeshaji na ufuatiliaji, na yeye akaamua kubaki kwa sababu ya viwanja vyake vya vipimo.

Kulikuwa na hasara pia. Kiangazi kilichofuata, baada ya mpango wake kupitishwa, kipande kikubwa alichokiacha kijirudie chenyewe kiliungua. Hakikuwa na mkanda wa kutosha wa kuzuia moto. Tena kwa jirani mfugaji kilionekana pori lililotelekezwa: hakuna mistari ya miche, hakuna kibao, hakuna mtu. Aliwasha nyasi kama alivyozoea ili majani mabichi yatoke kwa ng'ombe. Miti iliyohesabiwa kwa magoti ikaisha kwa alasiri moja. Baadhi ya visiki vilichipua tena, mingi ya miche haikurudi.

## Uchambuzi

Kilichompandisha Bi R. ni uamuzi uliokuwa unakosa mwenyewe. Shirika lilikuwa na watu wa kuotesha, wa kupanda, wa kuandika maandiko ya fedha. Halikuwa na mtu wa kusimama mahali na kusema kwa ushahidi: hapa panda, hapa usipande, hapa subiri. Mafunzo yalimpa kamba ya mita 5 na kizingiti cha 25, yaani njia ya kufikia uamuzi huo na kuutetea. Angesoma mambo hayohayo bila mradi kazini kwake, naamini angerudi na maarifa mazuri na majukumu yaleyale. Ninawasihi wanaochagua kozi waanze kwa kuangalia kama ina mradi, mradi unafanyika wapi, na nani anausahihisha.

Swali la mkufunzi lilikuwa na thamani kuliko moduli yoyote. Nasema hivi kwa kuwa kozi nyingi za mtandao hazina mtu wa kuuliza swali hilo; zina video na mtihani wa kuchagua jibu. Ada inaweza kuwa ndogo, lakini mwanafunzi hatoki na kazi inayoweza kuwekwa mezani kwenye usaili.

Vipimo vya kila msimu vilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Viliijibu hoja ya kisayansi, na vilijenga kumbukumbu yake ya kikazi. Umuhimu wa kumbukumbu aliuona baadaye, alipotaka kuomba utambulisho wa kitaaluma wa Society for Ecological Restoration, chama cha kimataifa cha urejeshaji wa ikolojia, mfumo ulioanza mwaka 2017. Mwombaji hutakiwa kuonyesha elimu na uzoefu pamoja. Kwa miaka ya vipimo alikuwa na kila kitu: eneo, tarehe, jukumu lake. Kwa miaka ya kitalu iliyotangulia hakuwa na chochote isipokuwa idadi ya miche, isiyosema ni nani aliamua nini. Kazi ngumu ya miaka ile ilikuwa kama haikufanyika.

Mkutano wa kwanza ulishindwa kwa sababu ambayo mafunzo ya kiufundi huigusa kwa shida: matokeo ya urejeshaji karibu daima yanamwambia mtu fulani kwamba bajeti yake ilikwenda pasipostahili. Mtu huyo anahitaji njia ya kutokea kabla hajaonyeshwa picha. Ombi la pili lilikuwa na njia hiyo, kwani shabaha ya mkataba ilibaki salama.

Moto una mzizi ndani ya masomo yenyewe. Moduli ya haki za ardhi na mashauriano na wakazi ilikuwepo, na Bi R. aliipitia haraka kwa kuwa alijiona anawajua majirani. Aliwajua kama vibarua na wauzaji wa mbegu. Kama watumiaji wa nyasi hizo, hakuwahi kuketi nao. Uoto unaojirudia wenyewe unahitaji maelewano hayo kuliko upandaji, maana mstari wa miche hujieleza kwa mpita njia, na nyasi zenye miti iliyofichika hazijielezi. Haikusaidia kuwa mpango wake uliokoa fedha za miche na fedha hizo zikarudi ofisini. Zilipaswa kuhamia kwenye ulinzi wa moto, na hilo lilipaswa kuandikwa siku ileile mpango ulipopitishwa.

Mwisho, suala la cheo. Muundo wa mishahara wa shirika lile unatambua stashahada, shahada na uzamili. Cheti cha mwaka mmoja hakina mahali pake. Ndiyo maana kupanda kwake kulihitaji ofa ya nje. Meneja hakuwa na nia mbaya, ila hakuwa na kifungu cha kumpandishia. Hapa ndipo makubaliano ya mdomo yalipoonyesha udhaifu wake. Kama kabla ya kuanza kozi pangekuwa na karatasi inayosema "akihitimu atakabidhiwa ufuatiliaji, na majukumu yakibadilika cheo kitapitiwa upya", muda wa kufanya kazi mbili ungeweza kuepukwa, na shirika lisingekaribia kumpoteza mtu pekee aliyejua ukanda wake.

## Hali ya sasa

Viwanja vya vipimo vinaendelea. Kipande kilichoungua kimezungukwa na mkanda wa kuzuia moto unaosafishwa na kikundi cha majirani kwa malipo, na kikundi hicho huruhusiwa kukata majani ya mifugo ndani yake kwa zamu, mbali na vijiti vya rangi. Mkataba mpya wa mfadhili unapima uhai wa miti katika mwaka wa kwanza na wa tatu, ingawa bado una kipengele cha idadi ya miche, ambacho Bi R. anataka kiondolewe.

Aliyechukua nafasi yake kitaluni ameanza kozi ya aina ileile. Safari hii kuna barua iliyosainiwa na pande zote mbili. Inataja siku moja kamili ya kusoma kila wiki, mada ya mradi iliyokubaliwa na meneja kabla ya andiko la kwanza kutumwa, bajeti ndogo ya vipimo kwa misimu miwili, na tarehe ya kupitia cheo ndani ya miezi mitatu baada ya kuhitimu. Kipengele cha miaka ya kulitumikia shirika baada ya kozi bado kinajadiliwa: shirika linataka mitatu, mwanafunzi anasema miwili.